Malipo kwa simu yawe nafuu ya kweli

Kwa miaka kadhaa sasa wananchi wa mwambao na wa visiwani wamezoea kulipia umeme, maji na kodi mbalimbali kwa kubonyeza simu ya mkononi. Jambo hili lilianza kama mchezo wa vijana wa mjini. Leo hata mama anayelima mwani katika kijiji cha Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, hununua umeme wa nyumba yake akiwa amekaa barazani, nguo zake zikiwa bado mbichi kwa maji ya chumvi. Hayo ni maendeleo, na hatuna budi kuyakiri bila ya kigugumizi.

Pamoja na kukiri huko, tunaona umefika wakati wa kujiuliza swali ambalo halijaulizwa vya kutosha: nafuu inayopatikana kwa mtindo huu mpya wa malipo inamfikia nani? Serikali imepunguza gharama za kukusanya mapato. Mashirika ya umma yamepunguza madirisha na makarani. Makampuni ya simu yanapata makato yao. Je, mwananchi wa kawaida, ambaye ndiye mwenye kutoa fedha, naye amebakiwa na kitu mfukoni? Swali hili tunalielekeza kwa viongozi wa Serikali na wa mashirika, na tunaomba wasomaji wetu wa Mafia, Unguja na Pemba watufuate katika maelezo yetu, kwa kuwa jambo linalomgusa mtu wa Mlingotini linamgusa wa Chole na wa Kojani mara mbili.

Tuanze na faida, maana asiyetaja jema hana haki ya kutaja baya. Zamani mtu aliyetaka kulipa hati ya madai ya maji au kununua umeme alilazimika kuifuata ofisi ilipo. Kwa mkazi wa Mlingotini ofisi hiyo ilikuwa mjini Bagamoyo. Safari yenyewe si ndefu, lakini ilikuwa na desturi zake: kusubiri gari, kufika dirishani na kukuta foleni, kuambiwa karani amekwenda kupata chakula, kurudi jioni. Mara nyingine mtu alirudi nyumbani bila ya kulipa, na kesho yake akaianza safari upya.

Wapo wakubwa wa maofisi ambao huona kwamba siku moja ya mwanakijiji si kitu, kwa sababu hana saa ya kuingia kazini wala ya kutoka. Hilo ni kosa kubwa la kutoyajua maisha ya watu. Mtu wa pwani ana saa yake, na saa hiyo ni bahari. Akina mama wa Mlingotini wanaolima mwani hawawezi kwenda shambani siku yoyote waitakayo. Hungojea maji ya bamvua, pale bahari inapokupwa sana na kuacha kamba na vigingi wazi, ndipo wakafunge mbegu, wapalilie na kuvuna. Siku hizo ni chache, na huja mara mbili tu katika mwezi, mwandamo na mpevu. Yakiingia maji mafu, shamba halifikiki. Kwa hiyo mama aliyepoteza siku moja ya bamvua kwa kukaa katika foleni ya bili hakupoteza siku moja. Amepoteza kazi ambayo hataipata tena mpaka zipite karibu wiki mbili, na huenda akakuta mwani umekatika na kuchukuliwa na mawimbi.

Hali ni hiyo hiyo kwa mvuvi, ambaye hutazama upepo na giza la mwezi, na kwa wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani huko Unguja, ambako kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989 kabla ya kuenea katika pwani ya bara. Tena kisiwani huongezeka chombo. Mkazi wa Juani au Chole anayetaka ofisi huvuka maji kwanza kuifikia Mafia yenyewe, ndipo aitafute barabara ya Kilindoni. Mtu wa Tumbatu huvuka hadi Mkokotoni, na wa Kojani huvuka kuingia Pemba. Kwa watu hawa bahari ikichafuka hakuna malipo, na asipolipa huduma hukatwa.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano, ambayo kila msomaji anaweza kuirekebisha kwa nauli za kwao. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ofisini ni Sh 4,000, na mtu huenda mara moja tu kwa mwezi. Kwa mwaka atatumia Sh 48,000 kwa nauli peke yake, kabla hatujahesabu chai ya njiani na siku 12 za kazi. Fedha hizo kwa nyumba ya kijijini ni sare za shule za watoto, au ni kamba na vigingi vya shamba jipya. Hivyo basi, anayesema kwamba malipo kwa simu hayajaleta nafuu yoyote hasemi kweli.

Nafuu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilijengwa hatua kwa hatua. Mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, zililetwa na Shirika la Umeme, TANESCO, katika miaka ya 1990, na kwa upande wa Zanzibar wananchi wanaufahamu mtindo huo kwa jina la Tukuza. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, na mwaka uliofuata, 2008, ikaingia Tanzania. Baadaye makampuni ya simu ya hapa nchini yalikubaliana kwamba mteja wa mtandao mmoja aweze kumtumia fedha mteja wa mtandao mwingine, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kufanya hivyo. Mwaka 2017 Serikali ikaanzisha mfumo wake wa kielektroniki wa kupokea malipo, ambao kila anayedaiwa hupewa namba ya kumbukumbu na kulipa kwa benki au kwa simu. Zanzibar nayo ina mfumo wake, ZanMalipo.

Kwa hatua hizo mwanya wa fedha za umma kupotea mikononi mwa makarani umepungua sana. Shilingi inayolipwa Mlingotini haipitii tena katika mfuko wa mtu, wala haingoji kitabu cha stakabadhi ambacho kurasa zake zilikuwa zikichanwa. Tunawapongeza waliobuni na kuisimamia kazi hiyo.

Sasa tutazame upande wa pili. Jambo la kwanza ni makato. Fedha iliyo katika simu hailipiwi kodi ya kulala, lakini inapotembea hulipiwa. Kutuma kuna makato, kutoa kwa wakala kuna makato, na malipo mengi ya huduma nayo yana makato yake kwa kadiri ya mtandao na ya kiasi kinacholipwa. Kwa mtu wa mshahara anayenunua umeme wa mwezi mzima mara moja, makato hayo hayaonekani. Kwa mtu wa kipato cha kila siku mambo ni mengine. Yeye hununua umeme wa Sh 1,000 leo, na wa Sh 1,000 tena keshokutwa, kwa kuwa ndicho alichonacho. Tukichukua mfano kwamba kila ununuzi mdogo unakatwa Sh 60, mtu anayenunua mara 12 kwa mwezi atakuwa amekatwa Sh 720. Mwenzake aliyenunua umeme wa kiasi hicho hicho kwa mara moja, akakatwa tuseme Sh 200, amemshinda kwa Sh 520 kila mwezi, sawa na Sh 6,240 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, mnyonge hulipa zaidi kwa sababu ya unyonge wake.

Yapo pia makato yanayotokana na fedha kuzungushwa bila ya sababu. Mnunuzi wa mwani au wa samaki humlipa mzalishaji kwa simu. Mzalishaji huyo, kwa kutoiamini simu au kwa kutojua, huenda kwa wakala akaitoa fedha yote taslimu na kukatwa. Wiki inayofuata anaiweka tena kiasi ndani ya simu ili anunue umeme, na hapo anakatwa mara ya pili. Laiti angeliacha ndani ya simu ile sehemu ya bili, angeliokoa. Hakuna ofisa yeyote aliyefika kijijini kulieleza jambo hili dogo, na sisi wa magazeti nasi hatuna budi kubeba sehemu ya lawama.

Jambo la pili ni tozo, ambalo Serikali yenyewe imekwisha kulipatia somo. Tarehe 15 Julai, 2021, ilianza kutozwa tozo ya miamala ya simu kwa wanaotuma na wanaotoa fedha, kuanzia Sh 10 hadi Sh 10,000 kwa muamala, kwa kadiri ya kiasi. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: barabara za vijijini, madarasa, vituo vya afya. Lakini wananchi walilia, na wengi wakaipunguza matumizi simu na kurudia kumpa kondakta wa basi bahasha. Mwezi Septemba mwaka huo huo Serikali ikaipunguza tozo kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na kuanzia Julai 2023 ikaondolewa kwa upande wa kutuma fedha. Tunaisifu Serikali kwa kusikia. Hata hivyo, ni vyema kukumbuka kwamba katika ile miaka miwili waliumia zaidi wale ambao mtoto wao anafanya kazi Dar es Salaam na huwatumia Sh 20,000 za umeme na unga. Njia ambayo Serikali yenyewe imewataka wananchi wapite, haifai kuigeuza kuwa kizuizi cha kutoza ushuru.

Jambo la tatu ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021, katika maeneo yanayohusika, kodi hiyo hukatwa kwa njia ya LUKU. Ilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita moja, na Sh 5,000 kwa kila ghorofa. Julai 2023 viwango vikawa Sh 1,500 na Sh 7,500. Kwa upande wa kuokoa wakati, utaratibu huu hauna mfano: hakuna foleni, hakuna hati ya madai inayopotea, hakuna mtoza kodi anayegonga mlango. Lakini mkono unaobonyeza mita mara nyingi ni wa mpangaji, na nyumba si yake. Hapo wawili hao wanaachwa wamalizane wenyewe, na kila mtu anajua mwenye nguvu katika mazungumzo hayo ni nani. Isitoshe, mtu anayenunua umeme wa Sh 2,000 mwanzoni mwa mwezi, ikiisha kukatwa Sh 1,500 ya jengo, hubakiwa na Sh 500. Giza linalofuata hawezi kulielewa asiyeelezwa mapema. Tunashauri kwamba ujumbe unaofika katika simu ya mteja uandike kwa Kiswahili chepesi, na kwa mistari iliyotengana, kiasi gani kimekwenda kwa umeme, kiasi gani kwa kodi, na kiasi gani kwa makato ya mtandao. Aidha, mpangaji apewe uthibitisho wa mwaka mzima ambao anaweza kumwonyesha mwenye nyumba na kukatiwa katika kodi ya pango.

Jambo la nne ni ujuzi. Mwaka 2024 wateja wote wa LUKU walitakiwa kuziboresha mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba, kwa kuingiza makundi mawili ya tarakimu 20 kwanza, na ndipo lifuate kundi la tatu la umeme walioununua. Mabadiliko hayo yalihusu mita za aina hiyo duniani kote, wala hayakuwa matakwa ya shirika letu peke yake. Lakini hebu mtu amfikirie mzee wa miaka 70, macho yamepungua nguvu, amesimama kwenye kiti mbele ya mita yenye vitufe vidogo, akisomewa tarakimu 60 na mjukuu. Akikosea moja huanza upya. Wengi walifaulu kwa msaada wa vijana wa mtaani, na vijana hao wanastahili shukrani.

Msaada huo, pamoja na uzuri wake, una hatari. Mtu anayetegemea wengine kubonyeza simu hufika mahali akawatajia namba yake ya siri. Leo humtajia mjukuu, kesho wakala, keshokutwa mpita njia aliyejitia wema. Siku akiba inapotoweka hajui amshike nani. Wezi nao wamekwisha kuipata nafasi. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kuletewa ule ujumbe usemao fedha itumwe katika namba nyingine, kana kwamba ni ndugu anayekumbusha deni? Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zimekuwa zikifungwa, na wananchi walipanga foleni za kutafuta namba za vitambulisho vya Taifa ili wasajiliwe. Waliambiwa kwamba hatua hiyo itawabana matapeli. Wananchi walitimiza wajibu wao. Wana haki ya kuuliza kwa nini ujumbe ule bado unafika.

Lipo pia suala la akina mama. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na ni ya baba. Mama anayelima mwani, kuuza na kupata fedha yake, akiipitishia katika laini ya mumewe, hana tena fedha. Hatusemi haya kwa nia ya kugombanisha nyumba za watu. Tunasema kwamba akiba isiyo mikononi mwa mwenyewe haiwezi kuitwa akiba, na kwamba vikundi vya akina mama vya pwani yetu, ambavyo vimezoea kuchangiana na kukopeshana, vingefaa kuwa mahali pa kwanza pa kumfundisha kila mwanachama kuwa na laini yake na kuijua.

Jambo la tano, ambalo wasomaji wetu wa visiwani watalielewa kuliko wengine wote, ni hatari ya kutegemea njia moja. Mwezi Mei 2008 umeme unaokwenda Unguja kutoka bara ulikatika, na kisiwa kizima kikakaa gizani karibu mwezi mmoja. Tarehe 10 Desemba, 2009, ukakatika tena, na safari hii giza lilidumu takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mahoteli yalitumia jenereta, mafundi cherehani walirudi kwenye cherehani za miguu, na maji yakawa shida kwa sababu pampu zilisimama. Hatimaye, mwaka 2013, ulizinduliwa waya mpya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, katika mwambao huu wetu wa kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Ras Fumba. Pemba ilikwisha kupata wake kutoka Tanga mwaka 2010. Waunguja walijifunza kwa machungu kwamba anayetegemea uzi mmoja huning'inia.

Malipo yetu ya leo nayo yanategemea nyuzi. Mei 2021 mfumo wa kuuza umeme wa LUKU uliyumba kwa siku kadhaa, na wananchi wenye fedha mkononi walilala gizani kwa kukosa pa kuzilipa. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za mawasiliano zilizomo chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Mwishoni mwa Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Hatuna nia ya kuingia hapa katika mjadala wa sababu za kila tukio. Tunachosema ni kwamba, iwe ni samaki, nanga, hitilafu au amri, matokeo kwa mama wa Mlingotini ni yale yale: taa imezimika, friji ya samaki inayeyuka, na lile dirisha la zamani ambalo angelikimbilia limekwisha kufungwa. Kufunga madirisha yote kwa sababu simu ipo ni sawa na nahodha kutupa makasia kwa sababu amenunua mashine.

Kwa hayo yote tunatoa rai zifuatazo kwa Serikali, mashirika yake na makampuni ya simu.

Kwanza, makato ya malipo ya huduma za lazima, yaani umeme na maji, yapunguzwe kwa ununuzi mdogo, na inapowezekana yaondolewe kabisa. Mashirika yameokoa fedha kwa kutojenga ofisi na kutoajiri makarani. Ni haki sehemu ya akiba hiyo imrudie mteja, kwa kuwa ni yeye ambaye sasa anaifanya kazi ya karani kwa simu yake, chaji yake na vocha yake.

Pili, kila wakala wa kijijini atundike ubao wa makato, ulioandikwa kwa herufi kubwa, ili mteja ajue kabla ya kukatwa. Sokoni bei ya samaki hutajwa kabla ya kupima. Haifai bei ya fedha ijulikane baada ya kulipa.

Tatu, pawepo njia ya akiba ya kulipa kwa taslimu. Hatudai ofisi kubwa. Inatosha siku moja au mbili katika wiki, katika ofisi ya kijiji, mtumishi wa mamlaka ya maji au ya umeme apatikane, apokee malipo na malalamiko, na atoe stakabadhi ya karatasi kwa anayeitaka. Siku hizo zipangwe kwa kushauriana na wanakijiji, na zisiangukie kwenye bamvua. Kwa visiwa vidogo, ratiba iangalie pia misimu ya kusi na kaskazi.

Nne, mtu aliyekosea namba ya mita, au aliyekatwa fedha bila ya kupata umeme, asizungushwe baina ya kampuni ya simu na shirika, kila mmoja akimwelekeza kwa mwenzake. Aliyepokea malalamiko ndiye awe na wajibu wa kuyafikisha mwisho, na awe na muda maalumu wa kujibu. Kwa mtu wa kipato kidogo, Sh 5,000 iliyopotea katika waya ni chakula cha siku.

Tano, watendaji wa vijiji na shehia, walimu na vikundi vya ushirika watumiwe kutoa elimu ya malipo haya. Tuliwahi katika nchi hii kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, chini ya miembe na katika mabanda, na tulifaulu. Taifa lililoweza kumfundisha bibi kuandika jina lake halishindwi kumfundisha binti yake kuificha namba ya siri.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Ni vyema kila nyumba iweke desturi ya kununua umeme mara chache na kwa kiasi kikubwa kidogo, hasa baada ya mavuno ya mwani au msimu mzuri wa samaki, pale uwezo unaporuhusu. Asiye na uwezo huo peke yake aweza kuutafuta katika kikundi, kwa kila mwanachama kukopeshwa umeme wa mwezi kwa zamu, kama tulivyozoea katika upatu. Tusome jina linalotokea katika simu kabla ya kuthibitisha malipo. Tusifute ujumbe wa malipo, maana hiyo ndiyo stakabadhi yetu ya leo, na mwenye busara huinakili namba yake katika daftari, kwa kuwa simu huibiwa na huzama. Namba ya siri tusimtajie mtu yeyote, hata anayejiita ofisa. Wenye nyumba nao waache kujificha nyuma ya mita, wawarudishie wapangaji kodi isiyokuwa yao.

Mji wa Bagamoyo una historia ndefu ya watu kuifuata ofisi. Katika utawala wa Wajerumani, tangu mwaka 1898, mwananchi alidaiwa kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho. Baada ya Uhuru zilikuja kodi zetu wenyewe, mpaka kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003 baada ya malalamiko ya wengi waliokimbia kijijini kila walipowaona watozaji. Kwa zaidi ya karne moja, kwa hiyo, kulipa kulimaanisha kutembea, kungoja na kuogopa. Kizazi hiki ndicho cha kwanza ambacho mtoza humfuata mlipaji hadi barazani kwake kwa adabu, ndani ya simu.

Nafasi hiyo ni ya thamani kubwa, na itakuwa aibu ikiharibiwa kwa makato yasiyoelezwa, kwa ujumbe usioeleweka na kwa kufunga kila mlango mwingine. Akiba ya wakati na ya fedha inayopatikana kwa malipo ya simu imetokana na wananchi kukubali kubadilika. Wakati wa bamvua ijayo, mama wa Mlingotini atakapokuwa ameinama katika shamba lake la mwani badala ya kusimama katika foleni, Serikali ihakikishe kwamba ile shilingi aliyookoa kwa nauli haikuchukuliwa na mkono mwingine kabla hajarudi nchi kavu.